Nyumba Iwe Tupu Kufikia Ijumaa

Dalali alipofungua geti la Shangazi asubuhi ya Jumatatu, alimkuta amechuchumaa nyuma ya nyumba akipanda vitunguu. Miche ilikuwa imelazwa juu ya gunia lenye unyevu, na tuta la kwanza lilikwisha kujaa, mistari imenyooka kama vifungo vya shati. Dalali alisimama pale na mkoba wake kwapani, akitazama. Kitunguu hakipandwi na mtu anayehama wiki hiyo. Kitunguu hutaka miezi mitatu, na aliyekipanda ana nia ya kukila.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona asubuhi asubuhi? Angalia usinikanyagie tuta."

Hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa shangazi wa mkewe, dada wa marehemu baba mkwe wake, mpishi wa shule aliyestaafu. Mumewe alipofariki, nyumba ile ya vyumba vitatu ikawa kubwa mno kuifagia peke yake. Binti yake, aliyeolewa mji wa jirani, alimkatia kipande cha kiwanja nyuma ya nyumba yake iliyokwisha kujaa wakwe, na huko Shangazi alikuwa anajijengea chumba kimoja na choo. Kuta zilikwisha kusimama. Paa lilisubiri nyumba iuzwe.

Na nyumba ilikuwa karibu kuuzwa. Mnunuzi alikuwapo, benki imekubali kumkopesha, na wakili amekwisha kuandaa mkataba. Dalali alikuwa ametoka benki Jumamosi na masharti ya mwisho: kibali cha mkopo kinakwisha Ijumaa jioni. Ijumaa asubuhi mkaguzi wa benki atakuja kuiona nyumba, na lazima aikute tupu, funguo mkononi. Akikuta mtu anaishi humo, fedha hazitoki, na kibali kikishakwisha hakuna tena mnunuzi.

"Benki wametupa Ijumaa," Dalali alisema.

"Ijumaa ya nini?"

"Ya kutia saini, Shangazi. Mambo yamekamilika."

"Afadhali. Nilidhani nitazikwa kabla." Shangazi alibonyeza udongo kuzunguka mche mmoja, akahamia wa pili. "Basi nikipata zangu fundi anaezeka, na mimi nahama taratibu. Kama tulivyosema."

Kweli walisema. Siku ya kwanza kabisa Shangazi alimwuliza kama anaweza kubaki mpaka chumba chake kiezekwe, naye akamjibu, haina neno. Wiki hiyo hiyo mnunuzi alimwuliza kama nyumba itakuwa wazi siku ya kutia saini, naye akamjibu, haina neno. Ndivyo alivyokuwa. Mtaa mzima ulimwita Haina Neno, na yeye aliona ni sifa. Mtu akiuliza kama maji hutoka kila siku, haina neno. Akiuliza kama jirani ana kelele, haina neno. Hakuona kuwa ni uongo. Aliona ni mafuta ya bawaba, ya kufanya mlango ufunguke bila kulia.

"Umenyamaza," Shangazi alisema. "Kuna jambo?"

"Hapana, Shangazi. Haina neno."

"Basi nisogezee ile ndoo."

Akamsogezea, akaaga, akatoka. Nje ya geti alijiegemeza ukutani kama mtu aliyepanda mlima.

*

Mkewe alikuwa mshonaji. Alishonea barazani, mbele ya nyumba yao ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule, na wiki hiyo alikuwa na kazi ya sare za shule. Dalali aliporudi mchana alimkuta amezungukwa na kola nyeupe.

"Shangazi kanipigia simu," mkewe alisema bila kuinua macho. "Anataka nimtafutie samadi."

"Samadi."

"Ya vitunguu. Nikamwuliza, Shangazi, unampandia nani vitunguu? Akasema mumeo kaniambia haina neno, nakaa mpaka chumba kiishe." Cherehani ilisimama. "Na wewe jana ulikaa hapo, ukanywa chai yangu, ukaniambia Ijumaa mnunuzi anaingia. Sasa nakuuliza, Ijumaa Shangazi analala wapi?"

"Nitaongea na benki."

"Benki ina kitanda?"

Dalali alivuta kigoda akakaa. Alijaribu kucheka, lakini mwenzake hakucheka.

"Wewe nyumba ikiungua," mkewe alisema, "utasimama mlangoni uwaambie watu haina neno, ni joto tu."

"Usinikejeli, mama. Nikipoteza mauzo haya meza yangu inakwenda. Meneja amesema wazi. Mara mbili mwaka huu tarehe imenipita, ya tatu hasubiri."

"Sikukejeli. Nakusemesha." Alikata uzi kwa meno. "Baba alipougua nilipelekwa kwa Shangazi na kifurushi kimoja. Mtoto wa darasa la tano. Alinikaribisha, akanipa kitanda, hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Leo mume wangu ndiye wa kumtoa nje?"

"Hakuna anayemtoa nje."

"Basi mwambie hivyo mkaguzi."

Akakanyaga tena cherehani. Dalali alijua mkewe akikasirika hushona mishono midogo midogo. Siku ile mishono ilikuwa kama ya kushonea jeraha.

*

Jumanne benki walimkalisha kwenye benchi. Zamani, alipokuwa akifunga mauzo kila mwezi, walimwita kaka na kumpitisha moja kwa moja. Siku hizi alisubiri na wenye vitabu vya akiba, mpaka afisa mikopo, binti mwenye miwani ambaye angeweza kuwa mwanawe, alipomwita.

"Karibu kiti, mzee."

Neno mzee lilimchoma kidogo. Alikaa, akaeleza shida kwa kuizunguka, jinsi watu wanavyoeleza ugonjwa wa aibu. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwenye nyumba anaishi mle mpaka leo."

"Anaishi kidogo."

"Anaishi kidogo ni kuishi vipi, mzee?"

Dalali akatazama viatu vyake. "Anaishi," alikiri.

"Hilo si kosa," afisa alisema. "Tunao wauzaji wengi wanaobaki kwa muda. Mnaandikiana, anakuwa mpangaji wa mnunuzi kwa miezi mnayokubaliana, linaingia kwenye faili, kamati inapitisha. Basi."

Dalali alivuta kiti mbele. "Tuandike sasa hivi."

"Kamati inakaa Jumatano ya wiki ijayo."

"Kibali kinakwisha Ijumaa hii."

"Ndiyo."

"Mkituongezea wiki moja tu?"

"Tuliongeza mwezi jana. Barua ya kuomba uliileta wewe mwenyewe, na ndani yake umeandika kuwa nyumba iko wazi." Alivua miwani akaifuta, na sauti yake ikawa ya upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kufokewa. "Ungeniambia siku ile. Ilikuwa sentensi moja tu, mzee."

Ofisini alimkuta mwenzake wanayepakana meza, dalali waliyemwita Kalamu Mbili kwa sababu alibeba kalamu moja ya wateja na nyingine ya kwake, na ya wateja haikuwahi kuandika vizuri. Kalamu Mbili alisikiliza kisa chote huku akitafuna kijiti cha meno.

"Unalia na nini wewe? Ijumaa alfajiri unahamishia vitu kwa jirani. Mkaguzi anakuja, anaona kuta, anaondoka. Jioni unarudisha vitu. Sisi wote tunafanya."

"Na mnunuzi?"

"Mnunuzi atakuwa amekwisha kutia saini. Aende wapi? Amkute bibi jikoni, atamwambia nini? Atamsalimia."

Lilikuwa wazo baya lenye miguu mizuri. Dalali alilibeba mpaka kwa Shangazi jioni ile, na njiani likawa linazidi kupendeza. Shangazi alimkaribisha sebuleni, akamsikiliza mikono ikiwa magotini. Dalali alimweleza kila kitu: kibali, mkaguzi, kamati, jirani. Kitu kimoja tu alikipitia juu juu, kwamba haya yote yametokana na yeye.

"Siku moja tu, Shangazi. Asubuhi vinatoka, jioni vinarudi."

"Na mimi?"

"Na wewe unarudi navyo."

"Ijumaa jioni nyumba ni ya nani?"

"Ya mnunuzi."

"Basi nikirudi jioni nitakuwa nani humu ndani? Mgeni, au mwizi?"

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga kwa uvivu.

"Nimepikia watoto maisha yangu yote," Shangazi alisema. "Nimeona watu wazima wakijificha nyuma ya magunia ya unga mkaguzi wa elimu akija. Wanaume na tai zao. Sitaki kujificha nyumbani mwangu, baba. Hawa watu wanaoinunua nyumba, wana sura gani?"

"Ni watu wazuri. Yeye fundi umeme, mkewe muuguzi."

"Sikukuuliza uzuri. Mbona sijawahi kuwaona? Wameangalia nyumba yangu mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kila mara nikiwa kwa binti yangu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Waite."

"Kazi yetu haiendi hivyo."

"Ya kwenu inakwendaje? Hebu nionyeshe ilikofika."

Ilikuwa sheria ya kwanza aliyofundishwa alipoanza kazi, na aliishika kuliko nyingine zote. Muuzaji na mnunuzi ni kama kiberiti na mafuta ya taa. Usiwaweke kwenye meza moja mpaka wakili akiwa katikati. Wakikutana mapema watakuruka. Watapatana pembeni, na wewe uliyemaliza soli kwa ajili yao utabaki na vumbi la viatu. Yalikwisha kumkuta, miaka ya mwanzo, na tangu hapo aliwatenga watu wake kama mchungaji anavyotenga mafahali. Hakuwahi kufikiri kwamba kuwatenga huko ndiko kulikomwezesha kuwaahidi wote wawili nyumba ile ile kwa wakati ule ule.

Alitoa simu. Kidole chake kilikaa juu ya namba ya fundi umeme kwa muda kabla hakijabonyeza.

*

Walikuja Jumatano alasiri. Fundi umeme alikuwa mtu mrefu mwenye kucha zenye weusi usiotoka. Mkewe muuguzi alikuwa bado na sare ya kazini, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wawili hao na mtoto wao walikuwa wakiishi kwenye chumba kimoja kwa wazazi wa mume, na walikwisha kufunga mizigo. Shangazi aliwapa mkono, akawatazama mmoja mmoja.

"Mama," muuguzi alisema, "tuliambiwa umekwisha kuhama. Kwamba vitu hivi vimebaki tu, na wewe huja kufagia."

"Kufagia nafagia," Shangazi alisema. "Nimefagia humu tangu nyumba haijapakwa rangi."

Fundi umeme aligeuza shingo polepole, akamwangalia Dalali. Ni vigumu kuangaliwa na mtu mrefu asiyesema kitu.

"Nitawaeleza," Dalali alianza. "Kilichotokea ni kwamba..."

"Wewe umeeleza vya kutosha," Shangazi alimkatiza, bila ukali. "Kakae nje kidogo, baba. Tunataka kuongea wenye nyumba."

Akatoka. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, mkoba magotini, kama mwanafunzi aliyetolewa darasani. Mwanamke aliyepita na ndoo alimsalimia na kumwuliza kama amefungiwa. Akasema hapana, anapunga upepo. Hakukuwa na upepo.

Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na maneno yalitoka kwa vipande. Alimsikia Shangazi akiwatembeza chumba kwa chumba.

"Mlango huu hukwama mvua ikinyesha, uunyanyue hivi ndipo uusukume. Hapa dirisha huvuja upepo ukipiga kutoka upande wa barabara. Mume wangu aliweka kitambaa, hakikusaidia. Bomba la jikoni, usilikaze mpaka mwisho, litakuvunjikia mkononi kama lilivyonivunjikia mimi. Swichi ya chumba cha nyuma ina cheche."

"Hiyo ni yangu," sauti ya fundi umeme ilisema, na kulikuwa na kicheko ndani yake.

Dalali alifumba macho. Miezi mitano alikuwa amelijua dirisha lile linavuja. Miezi mitano aliwaonyesha siku za jua tu. Sasa Shangazi anaivunja nyumba tofali kwa tofali mbele ya watu wanaoinunua, na bado hawajatoka mbio. Walikuwa wakiuliza. Muuguzi aliuliza jua linaingia upande gani asubuhi. Shangazi akamwonyesha. Kisha sauti zikahamia nyuma, kwenye matuta, na hakusikia tena kitu.

Alikaa na hofu ya zamani. Wanapatana. Wananiruka. Akawaza aingie, akitafuta kisingizio cha maji ya kunywa. Akanyanyuka kabisa, akashika kitasa. Akakiachia, akarudi kukaa. Akajiambia kwamba wakimruka, safari hii watakuwa wameruka kitu alichokilaza yeye mwenyewe njiani.

Walipotoka, jua lilikuwa limegeuka. Shangazi alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Tumemaliza. Hawa wanangu walikuwa radhi nibaki chumba cha nyuma mpaka paa liishe. Ila benki hairidhii, na wewe ndiwe uliyekuwa na mdomo wa kuiambia benki. Kwa hiyo Ijumaa nahama."

"Unahamia wapi, Shangazi?"

"Kwako."

"Kwangu ni..."

"Najua kwako kulivyo. Vyumba viwili, kimoja cha watoto. Nitalala na mkeo, mwanangu, chumbani kwenu, na wewe utalala kwenye kochi mpaka nipate paa. Na hilo paa," aliongeza, "mabati yake yatatoka kwenye udalali wako. Nusu ya udalali. Sikupigi faini. Ningelipa mwenyewe kama ningelikuwa na muda ulioniahidi."

Fundi umeme alitazama pembeni kwa adabu, kama mtu aliyemkuta mwenzake anavua shati.

"Haya," Dalali alisema. Lilikuwa neno fupi, na halikuwa na mafuta.

*

Ijumaa asubuhi mkokoteni uliokodiwa ulibeba kabati, meza na masufuria makubwa ya mpishi wa shule. Godoro halikuenea. Mwenye mkokoteni alisema atarudi kulichukua, lakini Dalali alitazama njia ambayo mkaguzi angeipitia, akalibeba godoro kichwani, akiwa na shati lake la pasi na tai.

Kutoka kwa Shangazi mpaka kwake kulikuwa na mtaa mzima wa maduka. Watu walimjua.

"Haina Neno! Siku hizi unauza magodoro?"

"Amefukuzwa na mkewe huyo. Kapewa chake."

"Bwana, hilo godoro lina hati?"

Siku nyingine angewajibu, kwa maana ulimi hakukosa. Lakini godoro lilimfunika mpaka masikioni, na kila alipotaka kugeuka lilimpeleka upande wake. Kinyozi alitoka dukani na mkasi mkononi, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Unamhamisha nani?"

"Shangazi wa mke wangu."

"Anakwenda wapi?"

"Anakuja kwangu."

Kinyozi akatikisa kichwa kwa heshima, akarudi kwa mteja wake. Utani ukapungua nyuma yake, hatua kwa hatua, na Dalali alishangaa jinsi ukweli ulivyokuwa mwepesi kuubeba kuliko godoro.

Mkewe alilipokea mlangoni. Hawakuwa wamesemeshana sana tangu Jumatatu. Akamfuta vumbi begani kwa kiganja, mara moja, kama anayefuta meza.

"Tai yako imekwenda mgongoni," alisema.

Mkaguzi aliikuta nyumba tupu, imefagiwa, na mwenye nyumba amesimama katikati ya sebule na funguo mkononi. Alizunguka, akagonga ukuta mmoja, akaandika. Alipouliza kama kuna kasoro zozote, Dalali alifungua mdomo. Shangazi alimwahi, akamwonyesha dirisha. Mkaguzi akaandika hilo pia, akasema mengi huwa mabaya zaidi ya hapo.

*

Kwa wakili walikaa wote kwenye chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Mchana ulikuwa umeliwa na foleni ya kulipia stempu, na sasa wakili alimsukumia Shangazi mkataba na kumwonyesha mahali pa saini. Afisa mikopo alikwisha kupiga simu kuuliza kama nyaraka zinakuja, maana wao wanafunga.

Shangazi alitoa miwani mfukoni, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza.

Alisoma na kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Fundi umeme alitazama saa, akaificha chini ya mkono wa shati. Muuguzi alikuwa amemlaza mtoto begani. Wakili alisafisha koo.

"Mama, ni mkataba wa kawaida. Wengi wanatia saini hapa."

"Wengi sina habari nao," Shangazi alisema, akageuza ukurasa.

Dalali alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yamemfundisha cha kufanya dakika kama ile. Unainama, unaweka kidole penye mstari, unasema kwa sauti tamu, hapa tu, Shangazi, haina neno. Ulimi ulikwisha kujikunja tayari. Simu yake ikatetemeka mfukoni, benki tena. Hakuipokea. Aliufunga mdomo wake akakaa nao, na ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba godoro.

Ukurasa wa mwisho kidole kilisimama.

"Hapa panasema nikishapokea malipo sitakuwa na madai yoyote juu ya nyumba, sasa au baadaye. Maana yake nini?"

Wakili alivuta pumzi ajibu, lakini Shangazi hakuwa anamtazama wakili. Alikuwa anamtazama Dalali juu ya miwani. Chumba kizima kikamgeukia. Angeweza kusema ni maneno ya kisheria tu.

"Maana yake imekwisha, Shangazi," alisema. "Ukishatia saini huwezi kurudi. Hata ukilala usiku ukajuta, hata chumba chako kichelewe, hata hawa wakiibomoa kesho. Si yako tena. Kama una shaka yoyote, usitie. Ijumaa na ipite."

Wakili alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Fundi umeme akatazama sakafu. Feni ilining'inia juu yao bila kusogea, na nje mtu alikuwa akifunga mlango wa chuma wa duka.

Shangazi aliisoma sentensi ile mara moja zaidi. Akavua miwani, akaikunja.

"Hilo ndilo nililotaka kusikia," alisema. "Kalamu."

Alitia saini taratibu, jina zima, kama alivyofundishwa shuleni. Fundi umeme akatia yake chini. Dalali alizichukua nyaraka, akaenda benki kwa mwendo ambao mtu wa umri wake hauiti kukimbia. Mlango ulikwisha kufungwa nusu. Binti mwenye miwani alikuwa amesimama nyuma ya kioo na mkoba begani. Alimtazama, akazitazama karatasi, akarudi mezani kwake akawasha tena kompyuta.

*

Aliporudi kumchukua Shangazi, alimkuta peke yake kwenye benchi la nje kwa wakili. Wanunuzi walikwisha kwenda na funguo. Walitembea pamoja, yeye akimbebea kipochi, Shangazi akitazama maduka yanavyofungwa.

Mlangoni mkewe alikuwa amewasha taa ya barazani, na watoto walikuwa wakigombana chini chini nani alale upande wa ukuta. Shangazi alisimama kwenye kizingiti. Alivua viatu, akavishika mkononi, vyeusi, vya ngozi, vilivyopakwa rangi kwa ajili ya kutia saini. Kwa mara ya kwanza wiki ile alionekana mdogo.

"Hapa kwenu viatu vinakaa wapi?" aliuliza.

Kando ya mlango palikuwa na ubao mfupi wenye viatu vya watoto, vya mkewe na vyake. Ulikuwa umejaa. Dalali aliinama, akaondoa jozi zake mbili, akaziweka nje chini ya cherehani. Akafuta vumbi lililobaki kwa kiganja.

"Hapo, Shangazi," alisema.

Shangazi aliviweka viatu vyake, akavilinganisha, akaingia ndani.